Dhahabu inanasaje kwenye mwamba: mwongozo kamili wa kusoma mawe ya Kanda ya Ziwa

Mwanza mjini mawe yapo kila kona, Capripoint mawe, Bugando mawe, Igogo nyumba zimekaa juu ya mawe, na pale ziwani Bismarck imesimama watu wanapiga nayo picha, lakini hujawahi kusikia mtu kafungua duara (shimo la kuchimbia dhahabu) Igogo akatoka na dhahabu. Sasa vuka daraja la Kigongo–Busisi, pita Sengerema, nyoosha mpaka Geita, huko ni vilima tu na udongo mwekundu, na ndo huko kuna mgodi mkubwa na wachimbaji wadogo kila upande. Kwa hiyo wingi wa mawe hausemi kitu wakuu. Kinachosema ni mwamba wa aina gani na uliwahi kupatwa na nini.

Huu mwongozo ni wa mchimbaji mdogo, mwanafunzi, au wewe ambaye shemeji yako anakuomba uweke hela kwenye duara lake na hujui umuulize nini. Nina hoja moja na nitairudia mpaka mchoke: mwamba hautengenezi dhahabu, unainasa ikiwa inapita. Kila mwamba una namna yake ya kunasa, na ukiijua hiyo namna utajua utafute wapi, uchukue sampuli wapi, na mzigo wako utakusumbua vipi ukifika karashani (kwenye mashine ya kusaga mawe).

Hatua ya 1: Elewa kwanza dhahabu ilisafirije

Kwenye mwamba wa kawaida wa dunia dhahabu ipo kidogo mno, gramu 0.001 mpaka 0.004 hivi kwa tani nzima. Ili uchimbe ulipwe unahitaji gramu moja kwenda juu, na ukiwa unachimba kwa sululu na zana nyingine za mkono unahitaji nyingi zaidi ya hiyo. Maana yake lazima kuwe na kitu kilichoikusanya dhahabu mara elfu moja na kuendelea, na hicho kitu ni maji moto.

Miamba ya huku kwetu ni ya kale sana, miaka kama bilioni 2.6 mpaka 2.8 hivi. Enzi hizo volkano zilikuwa zinamwaga lava chini ya maji, juu yake yanatulia majivu na tope, baadaye ardhi ikasukumana rundo lote likakunjwa na sehemu ya chini ikazama. Mwamba ukizama unapata joto, na ukifika nyuzi 450 mpaka 550 hivi yale madini yenye maji ndani yake, kama kloraiti ile ya kijani, yanavunjika na kuyaachia maji. Maji hayo hayatoki mikono mitupu, yanabeba salfa, kabonidayoksaidi na dhahabu kidogo.

Shika hili hapa kwa sababu kila kitu kinachofuata kinatokana nalo. Dhahabu haisafiri peke yake kwenye maji hayo, inasafiri imeshikana na salfa. Salfa ikiondoka, dhahabu inaanguka hapo hapo.

Maji yanapanda kwa kufuata mipasuko mikubwa, kilomita 5 mpaka 15 chini ya uso wa wakati ule, joto nyuzi 250 mpaka 400, na huko njiani kuna vitu vitatu vinavyoweza kuyanyang'anya mzigo. Cha kwanza ni presha kushuka ghafla. Tetemeko linapita, ufa unafunguka, presha inaporomoka na gesi inachomoka kama soda uliyoitikisa afu ukafungua kizibo, salfa inaondoka na ile gesi, kwatzi (lile jiwe jeupe) inaganda kwenye ufa na dhahabu inabaki humo. Ufa ukiziba presha inajaa upya mpaka tetemeko lingine, ndo maana mkanda mzuri (ufa uliojaa kwatzi) mara nyingi una mistari mistari ya kijivu au myeusi ndani ya weupe, kila mstari ni ufa uliofunguka na kuziba tena. Cha pili ni chuma. Maji yakikutana na mwamba wenye chuma kingi, chuma kinaikamata salfa inakuwa pairaiti (madini ya njano yanayometa kama dhahabu), dhahabu inabaki haina wa kuibeba. Cha tatu ni kaboni, ule weusi wa kwenye miamba ya tope la kale, nao unabadilisha kemia ya maji na dhahabu inashuka.

Kwa hiyo ukiingia porini kichwani unabeba maswali mawili tu, maji yalipitia wapi na yaliporwa na nini.

Hatua ya 2: Jua umesimama juu ya mwamba gani

Usianze na karai (la kuoshea mchanga wa dhahabu), anza na ramani. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ile GST ya Dodoma, ina ramani za jiolojia za nchi nzima zilizogawanywa kwa karatasi, tafuta ya eneo lako. Utaona huku kwetu kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ni graniti na ndugu zake, ndo inayochukua eneo kubwa, ndo hayo mawe ya Mwanza mjini. Ya pili ni mikanda ya miamba ya kijani, lava za zamani pamoja na majivu, tope na miamba ya chuma iliyolala juu yake, wajiolojia wanaiita Nyanzian, na mikanda hiyo imetawanyika Geita, Sengerema, Misungwi, Kahama, Nzega, Musoma mpaka Tarime na inavuka hadi Migori Kenya. Kwenye ramani inaonekana kama vipande vilivyobanwa katikati ya bahari ya graniti.

Migodi mingi iko ndani ya mikanda hiyo au pembezoni mwake. Hiyo "pembezoni" iweke kichwani.

Huna ramani? Udongo unasema. Mchanga mweupe mweupe wenye chenga za kwatzi ni graniti iliyooza, udongo mwekundu mzito unaonata ni miamba ya kijani au ya chuma, na mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi inaficha kila kitu kwa hiyo usiseme hapana dhahabu, sema sijaona mwamba. Nenda kwenye visima, kwenye mashimo ya vyoo, kwenye makorongo, na pale barabara ilipokatwa kilima, huko ndo mwamba unaonekana bila wewe kuchimba hata futi moja.

Beba sumaku ndogo. Hata ile ya kwenye spika iliyokufa inatosha.

Hatua ya 3: Tafuta mpasuko na mpaka wa miamba

Hapa ndo watu wengi wanakosea maana wanakimbilia jiwe jeupe. Kwatzi iko kila mahali Kanda ya Ziwa na nyingi haina kitu kabisa, ni maji yalipita hayana mzigo au hayakuporwa. Kabla ya kupenda jiwe jeupe tazama limekaa wapi.

Mahali pa kutafuta ni pale mwamba mmoja unapokutana na mwingine, hasa mgumu na laini. Ardhi ikisukumwa, laini unajikunja na mgumu unapasuka, na kwenye mpaka wao panabaki njia ya maji. Mgodi wa Bulyanhulu, kule Kahama, ni mfano mzuri sana, mkanda wake mkubwa umesimama karibu wima na unafuata tabaka la mwamba wa tope lililobanwa kati ya lava za kijani upande mmoja na miamba ya majivu ya volkano upande wa pili. Mwamba wa tope ulikuwa dhaifu ukateleza, maji yakapata njia, na kule kuna shaba pia ndo maana mgodi ule ulikuwa ukiuza na makinikia (mchanga wa madini ambao haujasafishwa).

Dalili za mpasuko ni mwamba kuwa na majani majani, yaani unaupasua unatoka vibamba vyembamba vyote vimeelekea upande mmoja. Pima huo mwelekeo na pima umelalia wapi, yaani ukimwaga maji juu ya kibamba yatatiririkia upande gani na kwa mteremko gani. Dira ya simu inatosha kwa kuanzia, isipokuwa ukiwa juu ya mwamba wa chuma, pale dira inadanganya, sindano inavutwa na mwamba wenyewe, kwa hiyo chukua mwelekeo kwa kutumia alama mbili za mbali au GPS.

Hatua ya 4: Soma mtego wa kila mwamba

Mwamba wa chuma wenye mistari

Huu ndo mwamba wa Geita. Ni mistari ya kwatzi na mistari ya chuma imepangana, nyekundu, nyeusi, nyeupe, mzito ukiubeba, na hauozi haraka kwa hiyo unabaki umesimama kama mgongo wa kilima wakati miamba jirani imeshakuwa udongo. Vile vilima virefu vya Geita vingi vimeshikiliwa na huu mwamba.

Chuma chake kinaitwa magnetaiti, sumaku inakinasa pap. Maji ya dhahabu yalipofika hapa salfa ikaivamia magnetaiti ikaigeuza pairaiti, na dhahabu ikabaki imekaa ndani ya pairaiti au kandokando yake. Kwa hiyo dhahabu ya mwamba wa chuma haihitaji jiwe jeupe lolote! Inaweza kuwa ndani ya mistari yenyewe, na mtu anayefuata kwatzi peke yake anaipita hivi hivi huku anaikanyaga.

Sasa jaribio la sumaku. Tembea juu ya mgongo wa mwamba wa chuma unagusisha sumaku kila hatua chache. Mwamba mzima usio na mzigo unavuta sana, ukifika mahali uvutaji umekufa ghafla na jiwe limejaa vishimo vya kutu vyenye umbo la boksi boksi, simama hapo. Vishimo ni makaburi ya pairaiti iliyooza, na sumaku imekufa kwa sababu magnetaiti ililiwa. Ila angalia, hata kuoza kwa kawaida kwa jua na mvua kunaweza kuua sumaku, kwa hiyo unahitaji vyote viwili, sumaku imekufa na vishimo vipo, ndo uchukue sampuli.

Kitu kingine cha Geita ni dioriti, jiwe la kijivu la chengachenga. Shimo la Nyankanga, ndo lililokuwa kubwa kuliko yote pale, dhahabu yake imekaa kwenye mpasuko unaopita ndani ya dioriti iliyojipenyeza kwenye mwamba wa chuma, na sehemu tajiri ni pale dioriti na vipande vya mwamba wa chuma vinapogusana. Unaona mitego miwili imekutana, ugumu tofauti unafungua njia na chuma kinapora salfa. Ukikuta jiwe la kijivu la chengachenga linakata mwamba wa mistari, nyumbani hurudi siku hiyo.

Lava ya kijani

Basalti na ndugu zake. Ikiwa nzima ni ngumu, nyeusi ya kijani, nyundo inaruka. Ina chuma cha kutosha kupora salfa lakini si kingi kama ule wa mistari, kwa hiyo dhahabu inakuwa kwenye mkanda wa kwatzi na pia kwenye mwamba wa pembeni kidogo, sentimita kadhaa hadi mita moja moja kila upande. Hapa ndo sehemu wachimbaji wanatupa hela, wanang'oa jiwe jeupe tu na mwamba wa pembeni wenye pairaiti wanaumwaga kwenye kifusi, siku mwingine akija kuupima kifusi anakuta kinalipa. Magwangala ya Geita yaliwatia watu wazimu kwa sababu hiyo hiyo, mawe yaliyotupwa na mgodi mkubwa hayakuwa matupu.

Dalili yake ni kubadilika rangi. Kadiri unavyokaribia mpasuko kijani kinapauka kinakuwa kijivu cha njano njano, mwamba unalainika unakuwa na majani, na kuna madini ya kaboneti yanayoota kutu ya kahawia ukiuacha juani. Ukiwa na tone la asidi hafifu ya hidrokloriki litachemka, na lisipochemka usage unga kwanza ndo udondoshe, maana kaboneti yenye chuma ni mvivu.

Mwamba wa tope mweusi

Huu unachafua mikono kama mkaa, unateleza, na una grafaiti. Dhahabu inaupenda. Golden Pride ya Nzega, ule mgodi mkubwa wa kwanza wa zama hizi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa 2013, ulikuwa kwenye miamba ya jamii ya tope na mchanga iliyopitiwa na mpasuko mkubwa. Na hapa kwetu mkoani Mwanza, Nyanzaga ya Sengerema nayo iko kwenye miamba ya tope na mchanga iliyokunjwa.

Matatizo yake ni matatu na yote ni ya kweli. Dari yake haishiki, inamomonyoka vipande vipande, bila matimba (magogo ya kushikilia dari) ya maana hutoki. Pili mara nyingi ina asenopairaiti, madini ya rangi ya fedha, ukiyapiga nyundo yananuka kama kitunguu saumu, na hiyo harufu ni aseniki, kwa hiyo kuchoma mawe hayo ni kujiua na kuua majirani. Tatu, ukipeleka mzigo huu kwenye vati za sayanaidi (matangi ya dawa inayoyeyusha dhahabu) ule weusi unainyonya dhahabu iliyokwisha kuyeyuka na kuirudisha kwenye mchanga, unalipia dawa, unalipia karasha, unalipia siku, afu kaboni ya asili imekula. Kabla hujakodi vati mwambie mwenye plant kabisa kwamba jiwe langu ni jeusi, apime kidogo kwanza.

Graniti

Turudi Igogo. Graniti ina chuma kidogo, haina kaboni, kwa hiyo kemia yake hainyang'anyi maji kitu, yakipita yanapita na mzigo wao. Inachoweza ni kupasuka tu. Ikipasuliwa na mpasuko mkubwa na maji yakapita, dhahabu inaanguka kwa presha peke yake na inakaa kwenye kwatzi peke yake. Buzwagi ya Kahama ilikuwa hivyo, mikanda ya kwatzi ndani ya graniti iliyosagwa na mpasuko, na kule Tarime shimo la Nyabirama nalo lilikuwa kwenye miamba ya jamii ya graniti.

Sasa zile nyufa za mawe ya Mwanza mbona nyingi? Nyingi ya hizo ni nyufa za karibu na uso, graniti ilipofukuliwa na mmomonyoko ikapungukiwa mzigo juu yake ikapasuka, afu mvua ikaoza kona na yakabaki mawe ya mviringo yamepandana. Hazikuwahi kuona maji ya nyuzi 300. Huoni majani majani, huoni kupauka, huoni kutu ya pairaiti, jiwe limetulia tu. Lakini mtu asikudanganye kwamba graniti haina dhahabu kabisa, mwulize imepasuliwa lini na nini kilipita.

Ukichimba graniti ujue mkanda ni mwembamba, unanenepa na kukonda, dhahabu yake mara nyingi ni ya kuonekana kwa macho na inakamatika kirahisi, ila imekaa mafungu mafungu. Mita mbili unafurahi, mita kumi unakopa. Mwamba wa pembeni hapa kawaida hauna kitu, tofauti na lava ya kijani, kwa hiyo usiuchanganye kwenye mzigo unapunguza gramu zako.

Aina za mbali kidogo

Duniani kuna mitego mingine na nitaipitia haraka kwa sababu huku haitusaidii sana. Witwatersrand ya Afrika Kusini ni kokoto za mito ya kale zilizogandamana kuwa mwamba, na dhahabu yake ndo imetolewa nyingi kuliko eneo lolote duniani. Nevada kule Marekani kuna chokaa yenye dhahabu isiyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Hishikari ya Japani ni ya volkano changa, maji yalichemka karibu na uso. Volkano zetu za Geita ni za kale mno, kile kilichokuwa karibu na uso wakati ule kimeshamomonyoka zamani, tunachochimba ni kilichokuwa chini.

Hatua ya 5: Tofautisha palipooza na pabichi

Juu kabisa, mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi, mwamba umeoza. Hewa na mvua vimeila pairaiti ikawa kutu, na dhahabu iliyokuwa imefungiwa ndani imeachiwa huru, sehemu nyingine imejikusanya ikawa chenga kubwa. Ndo maana rashi zote (watu wakikimbilia dhahabu mpya) zinaanza kwa shangwe, jiwe ni laini, karasha halichukui muda, mwaloni (pale mnapooshea mzigo) dhahabu inaonekana.

Duara likishuka likakutana na maji, rangi inabadilika kutoka kahawia kwenda kijivu au kijani, pairaiti inametameta, na ghafla mwaloni hupati kitu. Watu wanasema dhahabu imekimbia, wengine wanamtafuta mganga. Haijakimbia popote. Imefungiwa ndani ya pairaiti, zebaki ya kukamatia dhahabu haiifikii, karasha haijaisaga vya kutosha, na yote inaondoka kwenye marudio (mchanga uliokwisha kuoshwa). Wanaonunua marudio wanalijua hilo muda mrefu sana, na wewe unawauzia kwa bei ya mchanga! Ukifika hapo peleka kilo chache maabara zipimwe, na kama gramu zipo lakini mwaloni hazitoki, uza kwa gramu za maabara, usiuze kwa macho.

Dhahabu iliyomomonyoka inashuka korongoni. Uzito wake ni mara 19 wa maji wakati kwatzi haifiki mara tatu, kwa hiyo inatulia pale maji yanapopunguza kasi, upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya jiwe kubwa, na hasa kwenye nyufa za mwamba wa chini kabisa. Piga karai kutoka chini ya korongo kwenda juu, dhahabu ikiongezeka endelea, ikikatika ghafla rudi nyuma kidogo uangalie kushoto na kulia kwa sababu umepita chanzo. Chenga zenye kona kali hazijasafiri mbali, zilizolainika zimetembea.

Hatua ya 6: Leseni kabla ya shimo

Kwa kifupi. Angalia eneo lina leseni ya nani kwenye mfumo wa Tume ya Madini, nenda ofisi ya madini ya mkoa wakusaidie. Leseni ndogo ya uchimbaji, PML, ni ya Watanzania na inadumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa. Mwenye shamba naye ana haki zake, maliza naye kwa maandishi. Ukiuza, masoko ya madini yapo tangu 2019. Zebaki usiichomee jikoni wala karibu na watoto, tumia kifaa cha kunasia mvuke, na vumbi la kwatzi linakula mapafu polepole kwa hiyo lowesha jiwe unapochoronga na kusaga.

Hatua ya 7: Chukua sampuli inayosema ukweli

Kosa kubwa ni kuokota jiwe zuri. Jiwe zuri linapima uzuri wa jiwe, halipimi mkanda. Kata mfereji mwembamba wa upana ule ule kutoka ukuta hadi ukuta, ukivuka mkanda, na mwamba wa pembeni weka kwenye mfuko wake tofauti, kushoto peke yake na kulia peke yake. Andika kwenye mfuko mwamba gani, upana gani, kina gani. Rudia kila mita mbili tatu kufuata mkanda, maana kwenye graniti hasa sampuli moja inaweza kukupa utajiri wa uongo au umaskini wa uongo.

Hesabu ni rahisi. Jiwe la gramu 5 kwa tani, mfuko wa kilo 50 una gramu 0.25. Ukisaga kilo 2 za jiwe hilo hilo una miligramu 10 tu, kwenye karai ni kamstari kembamba, kwa hiyo usitegemee vipande. Na kama hujui unachokiona kichokonoe na sindano, dhahabu inabonyea, pairaiti inavunjika unga, maika inatoka magamba. Sampuli chache za maana peleka maabara, Mwanza zipo za binafsi na GST wana yao Dodoma, omba kipimo cha moto (fire assay), na kama umeona dhahabu kwa macho waambie ili watumie sampuli kubwa zaidi.

Mwisho ni pale mkanda unapokata, hii inavunja ndoa za watu machimboni. Usichimbe mbele kwa hasira. Angalia umekata vipi. Kama umekonda polepole mpaka uzi, mpasuko bado upo, fuata ule uzi na yale majani majani, unaweza kunenepa tena, hasa mpasuko ukipinda. Kama umekatwa kwa ukuta laini wenye mikwaruzo na udongo wa kusagika, huo ni mpasuko wa baadaye uliouhamisha mkanda, soma mikwaruzo imeelekea wapi na utafute kipande kingine kwa kufuata mwelekeo huo, pande zote mbili. Na kama mkanda upo mnene vile vile ila dhahabu imeisha, washa tochi utazame kuta, kuna uwezekano mkubwa umetoka kwenye lava ya kijani au mwamba wa chuma ukaingia kwenye mwamba mwingine usiopora salfa. Hapo rudi mpaka kwenye mpaka wa ile miamba miwili, pima umelalia upande gani, ufuate kwenda chini pale unapokutana na mkanda, maana sehemu tajiri mara nyingi inashuka kwa kulala kufuata mstari huo, na maduara yanayochimbwa wima yanautoboa mara moja tu na kuupita.